F shapu yenye wazimu na sifuri iliyonikesha

Nina kibodi ya mtumba ambayo F shapu yake ya katikati ina wazimu. Uiguse kwa kidole kimoja taratibu au uigonge kwa ngumi, inalia kwa nguvu ileile, yaani mwisho kabisa. Fundi akaniambia raba ya chini imekwisha, spea hamna, halafu akataja bei ya kuifungua ambayo ukiongezea kidogo unapata kibodi nyingine, nikabeba mzigo wangu nikarudi nao nyumbani.

Sasa wapiga kinanda wenzangu wengi hawajui (na mimi nilikuwa humohumo) kwamba midi, yaani lugha ambayo vinanda na kompyuta huwasiliana nayo, haipitishi sauti, inapitisha namba tu. Nikachomeka waya wa USB kwenye laptopu yangu ya Linux nikafungua aseqdump, kaprogramu ka bure ka kuonyesha namba hizo kanakokuja na alsa-utils (zana za sauti za Linux), nikawa nabonyeza polepole huku naangalia skrini. Noti zingine velositi (nguvu ya kugonga) 40, 52, 61 huko, ila noti namba 66, ndo hiyo F shapu, ni 127 kila mara, na 127 ndo dari, hakuna zaidi. Basi kama ugonjwa ni namba, si unaibadilisha tu njiani?

Nikaandika skripti ya Python kwa kutumia mido (maktaba ya midi ya Python), mistari kumi hivi: ikija note on (ujumbe wa kupiga noti) ya 66, velositi iwe 60, zingine zote ziache zipite. Kwenye kibodi nikazima lokali (ile kontroli namba 122) ili isijipigie yenyewe, namba ziende laptopu, zinyooshwe, zirudi. Nikabonyeza F shapu, laini kama siagi! Nikaachia, ikaendelea kulia. Na ilikuwa sauti ya ogani kwa hiyo haina hata mpango wa kufifia, saa tano usiku hiyo, jirani akagonga ukuta nikachomoa umeme.

Nilikesha nayo. Kumbe kibodi yangu haitumi note off (ujumbe wa kuachia noti) kabisa, ukiachia inatuma note on tena ila velositi ni 0, na kwa sheria za midi hiyo 0 maana yake nyamaza. Skripti yangu ilikuwa inaidaka ile 0 inaigeuza 60, kibodi inasema acha, mimi nasema piga.

Na sio uvivu wa waliotengeneza. Midi ilitoka 1983, waya wake unakimbia biti 31,250 kwa sekunde, kila baiti (yaani namba moja ya ujumbe) inakula biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo noti moja ya baiti 3 inachukua karibu milisekunde 1 nzima, ukikandamiza vidole vyote kumi noti ya mwisho inafika imechelewa. Ndo wakaruhusu ujanja, kama baiti ya kwanza ni ileile ya ujumbe uliopita (144 kwa note on ya chaneli ya 1) usiirudie. Sasa kupiga na kuachia vyote vikiwa note on, 144 unaituma mara moja halafu zinafuata baiti mbilimbili tu. Kwenye USB hiyo shida haipo ila kibodi imebaki na tabia yake.

Dawa ilikuwa kuongeza sharti dogo, velositi iwe zaidi ya 0. Basi. Siku hizi nimehamia mididings, programu ya kugeuza na kuelekeza midi, nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa sababu nilitaka mkono wa kushoto upige besi na wa kulia ogani, na pale unaandika KeySplit(60, Channel(2), Channel(1)), yaani noti za chini ya namba 60 ziende chaneli ya 2 na zilizobaki ya 1, umemaliza, wakati kwa skripti yangu ningekesha tena.

Jumapili ambayo sijabeba laptopu naikwepa tu F shapu yenyewe. Wimbo ukiwa G naomba tushushe hadi F, na kwaya wanajua nawaonea huruma masoprano.