Jina Lako Halijulikani

Karatasi ya somo tuliyoletewa ilikuwa na mstari mmoja tu juu ya kuitia kwenye kompyuta Python, lugha ya kuandikia programu: "Sakinisha Python, kisha endelea na zoezi la kwanza." Aliyeuandika nadhani alikuwa na kompyuta moja, mpya, na intaneti isiyokatika. Sisi tulikuwa Wete, mwaka 2021, wiki chache baada ya Idi, na mbele yetu palikuwa na kila aina ya kompyuta iliyowahi kuvuka bahari ikaja Pemba.

Wanafunzi wenyewe ni vijana waliomaliza kidato cha nne, wanangoja kujua wamepangiwa skuli gani. Mvua ya masika inapiga bati mpaka huwezi kusema bila kupaza sauti. Ukutani zimepangwa kompyuta za mezani za zamani zenye Windows 7. Waliojaaliwa wamekuja na laptopu zao za Windows 10. Kijana mmoja wa Micheweni ana Ubuntu, mfumo unaoshika nafasi ya Windows, aliyowekewa na kaka yake, na binti mmoja ana MacBook kuukuu, laptopu ya Apple, aliyoletewa na ami yake aliyeko Maskati. Ameifunga kwenye kanga asije akairowesha.

Zile za ukutani ndizo zilizotangulia kugoma. Intaneti ipo, bando lipo, lakini kila tovuti unayofungua inakwambia kwamba si salama. Tulihangaika na waya, tukahangaika na modemu, mpaka fundi wa simu wa duka la pili, aliyekuja kujikinga na mvua, akachungulia kwenye pembe ya kioo.

"Mwalimu, tazama saa. Hii yaamini tuko 2009."

Kweli. Betri ndogo ya saa iliyomo ndani ya kompyuta, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa, na kila ikizimwa inasahau mwaka. Tovuti nazo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta iliyokwama 2009, cheti cha 2021 ni cheti ambacho bado hakijaanza kazi, basi inakikataa. Fundi akarekebisha tarehe kwa mkono, moja baada ya moja, na tovuti zikafunguka. Betri akaahidi kuzileta, na alizileta, ingawa bei yake tulibishana.

Tukapakua Python 3.9, ile iliyokuwa mbele kabisa kwenye tovuti. Ikagoma. Toleo hilo haliingii kwenye Windows 7, linataka 8.1 au iliyo juu yake. Ikabidi tuteremke chini kwenye orodha tutafute 3.8, na ndani ya hiyo 3.8 tuchague ya biti 32, kwa sababu Windows yenyewe ilikuwa ya biti 32. Faili haizidi megabaiti 30, tukaipakua mara moja tukaizungusha kwa flashi. Kompyuta moja ikadai kwanza iwekewe Service Pack 1, kifurushi cha masasisho ya Windows 7, ambayo peke yake ni zaidi ya megabaiti 500. Hiyo tukaizima, wawili wakakaa kiti kimoja.

Kwenye laptopu za Windows 10 mambo yakawa mengine. Vijana wamesakinisha, wameambiwa imefanikiwa, wanaandika python kwenye kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, na badala ya Python linawafungukia duka la Microsoft. Wapo walioanza kuipakua upya huko dukani, bando linakwenda. Chini ya dirisha la kwanza la kusakinishia kuna kisanduku kidogo cha kuiongeza Python kwenye PATH, yaani orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu. Kisanduku hicho huja bila alama, na mtu akipita bila kukitia alama, Python inakuwa kama mgeni aliyehamia mtaani bila kuripoti kwa sheha: yupo, lakini ukimuulizia hakuna anayemjua. Mpaka leo sijaelewa kwa nini alama hiyo haiji imeshawekwa.

Ubuntu haikutuchelewesha. Ukiandika python inasema haipo, ukiandika python3 ipo, na ilikuwepo tangu mwanzo.

Ikabaki MacBook. Binti mwenyewe alikuwa ametulia muda wote, maana kwake python ilijibu mara ya kwanza bila kusakinisha chochote. Zoezi lilikuwa dogo: programu inakuuliza jina, inakuamkia, kisha inakuuliza umechuma pishi ngapi za karafuu na ujira wa pishi moja, halafu inakupigia hesabu. Akaandika jina lake, akabonyeza.

"Mwalimu," akasema polepole, "yasema jina langu halijulikani."

Nikaenda kutazama. Ndivyo ilivyoandikwa, na jina lake limo katikati ya sentensi. Kijana wa nyuma yake akamrushia, "Ukajiandikishe kwanza!" Chumba kizima kikacheka. Akajaribu jina la baba yake, nalo halijulikani. Akajaribu yote mawili pamoja, ikaja lawama nyingine, ya sarufi. Akaurudisha mkono mapajani.

"Wenzangu yawakubali. Mimi haya siyawezi."

Faili lile lile lilikuwa limepita kwenye kompyuta zote za ukutani, sasa jina lake lina nini? Nikaiuliza Mac toleo la Python iliyomo ndani yake. Ikajibu 2.7.16.

Apple walikuwa bado wanaiweka Python 2, toleo la zamani, ndani ya mashine zao, ilhali waliokuwa wakiitunza waliiacha rasmi tarehe 1 Januari 2020. Na katika Python 2, amri ya input, ile inayomngoja mtu aandike jibu, haipokei maneno kama yalivyo. Inayachukua unayoyaandika ikayafanyia kazi, kana kwamba nayo ni sehemu ya programu. Jina tupu inalidhania ni kitu kilichokwisha kutajwa humo ndani, inakitafuta, haikioni. Nikamwambia alitie jina lake ndani ya alama za kunukuu. Likapita.

"Kumbe si mimi," akasema.

Tulipojaribu python3, Mac ikataka kwanza ipakue zana za watengenezaji programu, mzigo ambao bando letu lisingeuweza. Tukakataa, tukachukua faili la Python 3 kwenye tovuti yake yenyewe, na safari hii jina likapokelewa bila alama yoyote. Pishi zikahesabika.

Nilidhani tumemaliza, nikageukia wengine. Nilipomrudia alikuwa ameirudia ile Python ya zamani, anaichokoza. Ilipomuuliza jina akaandika 2+3.

"Habari 5," ikamjibu.

Akaangua kicheko, akamgeukia yule kijana wa nyuma yake. "Njoo," akamwambia, "njoo nawe ujiandikishe."