Dobi ndiye aliyetufundisha kusuluhishana

Hoteli yetu iko Paje, Zanzibar, wafanyakazi 20 na kitu, na msimamizi wao ni mimi. Mwaka juzi walikuwa wanagombana kila uchao: bakshishi, zamu, nani kaacha sufuria chafu. Nikashauriwa nilete mtaalamu kutoka mjini. Akaja na projekta, siku 2, laki 8 na ushee pamoja na chakula, kila mtu akapewa cheti. Sidhani kama Rais Amani Karume wa Zanzibar na mpinzani wake Maalim Seif walihitaji projekta walipokutana Ikulu kupatana Novemba 2009, lakini mimi nani nibishe.

Somo kuu: usimwambie mwenzako "wewe umefanya", anza na "mimi nahisi". Kesho yake asubuhi namsikia mhudumu jikoni, kwa sauti ya upole kabisa: "Kaka, mimi nahisi wewe ni mwizi." Mwiko ukaruka.

Kosa la pili ni langu. Wasuluhishi niliwachagua wakuu wa idara. Watu wakiitwa wanaitikia kila kitu, "sawa bosi, yamekwisha", wakitoka nje wamenuna mpaka masikio. Nani atambishia anayempangia zamu?

Basi nikabuni kashata. Mmoja anasema, mwenzake anatafuna kashata ya njugu, ile ngumu ya kung'ang'ania meno. Ikisha, ayarudie aliyoyasikia mpaka msemaji akubali, "Hivyo hivyo." Ikafanya kazi! Nikatamba hadi hoteli za jirani. Ikaingia Ramadhani.

Na ndipo ulipozuka ugomvi mkubwa. Wapishi wanataka kutoka saa 11 jioni wakafuturu kwao, mhudumu mmoja Mkristo kutoka bara kagoma kuwashikia zamu. Kashata mchana wa Ramadhani utampa nani?

Dobi wetu, mtu mzima, ambaye kwenye mafunzo hata sikumwita, akawaita uani. Mpishi akapewa ncha 2 za shuka, mhudumu ncha 2. "Haya wanangu, kunjeni. Mmoja aseme." Shuka la futi 6 kwa 6 hulikunji ukiwa umempa mtu mgongo: mnalivuta, mnasogeleana, mnakabidhiana ncha, mnarudi nyuma. Mimi nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Kufika la 9, kijana wa bara akasema, "Mama, zamu si tatizo. Hakuna aliyeniuliza. Na Krismasi nilifanya kazi kutwa."

Dobi hakuhukumu. Akamgeukia mpishi: "Kasemaje mwenzako?" Mpishi akarudia. Kimya. Shuka la 10. "Basi Krismasi na Pasaka ntakushikia mimi," akasema, "na futari yako ntakuwekea."

Wakayaandika nyuma ya karatasi ya zamu, mistari 3, na saini.

Siku hizi dobi ana wanafunzi 4, mkuu wa idara hata mmoja hayumo. Anayeshindwa kurudia maneno ya mtu bila kuyatia chumvi hurudishwa kwenye mashuka. Wizi, au mtu kumshikashika mwenzake, hayo hayapelekwi uani, yanakuja kwangu moja kwa moja. Msimwachie dobi mzigo huo. Yakinishinda kuna kitengo cha serikali cha migogoro ya kazi, kilichoundwa kwa sheria ya Zanzibar ya uhusiano kazini, Namba 1 ya 2005, ila bado hatujafika huko.

Kwa kazi yote hiyo dobi kaniomba kitu kimoja tu: niache kujibanza nyuma ya pipa, kwani miguu inaonekana.