Mwanga Umekuwa Mwingi Kihambani

Nilifika Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, usiku, mwezi wa Agosti, baada ya miaka 17 ya kuishi Uingereza, na kwa kuwa ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani sikuona kitu zaidi ya baraza la Baba na Baba mwenyewe akiwa amesimama na koti lake zito. Asubuhi nilipofungua mlango, niliona mlango wa jirani.

Waliokulia kwenye vihamba, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, wataelewa kwa nini nilibaki nimesimama pale na mswaki mdomoni. Sisi hatukuwahi kuuona mlango wa jirani. Tulijua kwamba yupo kwa moshi uliopenya juu ya migomba, kwa kikohozi chake cha alfajiri na kwa ng'ombe wake aliyelia akichelewa kupewa majani, lakini ili kumwona ilibidi ufuate kijia kilichopandwa masale pande zote mbili, upige hodi, na uwe na la kusema. Sasa nilitazamana uso kwa uso na kijana anayelinda nyumba ya jirani, naye pia akipiga mswaki, akanipungia mkono na kupaza sauti, "Shikamoo mzee!" Nina miaka 44. Niliitikia marahaba, nikarudi ndani.

Mwanga ule ulinisumbua siku nzima, na sitaficha kwamba mpaka leo, wiki ya tano, unanisumbua kuliko jambo jingine lolote nililolikuta hapa, ingawa wengi wanaonitembelea wanatarajia niseme habari za barabara ya lami au za mitandao ya simu. Kihamba nilichokiacha kilikuwa na miti mikubwa ya mringaringa na mfuruanje juu kabisa, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, na ardhini maharage, magimbi na majani ya ng'ombe, hivyo kwamba jua lilifika kwenye udongo likiwa limechujwa mara tatu kama mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hata saa sita mchana tulitembea kwenye kivuli, na mvua ikinyesha ilichukua muda kabla tone la kwanza halijakuangukia. Kihamba nilichokikuta ni migomba iliyosimama mbalimbali, mistari ya mahindi, shina moja moja la mbuni, na jua. Kaburi la Mama, ambaye sikuweza kuja kumzika mwaka 2015 kwa sababu ya karatasi zangu za ukaazi, liko mahali alipopachagua mwenyewe kwa ajili ya ubaridi wake, na saruji yake imepasuka kwa joto.

Baba ana miaka 81 na hajawahi kuajiriwa na mtu. Alianza kumsaidia babu kumenya kahawa kabla hajajua kusoma, akapewa sehemu yake ya kihamba alipooa, na tangu hapo siku zake zimefanana: kabla ya mapambazuko huwakatia ng'ombe migomba iliyokwisha kuzaa, hutoa samadi zizini na kuizungushia mashina, kisha hupita shina kwa shina akiwa na panga lake fupi. Mtu asiyejua akimwona atadhani anatembea tu. Kwenye kila shina la mgomba anaacha watatu, mama, mtoto na mjukuu, na wengine wote anawaondoa, na kwenye mbuni anajua tawi lipi limekwisha zaa na lipi litazaa msimu ujao. Nilipokuwa kijana niliuona utaratibu huo kama kukosa mahali pa kwenda. Nilisema hivyo kwa sauti siku moja mbele ya wageni, na Baba akacheka pamoja nao.

Nilipomwuliza kuhusu mibuni hakunijibu, bali aliniletea kopo la biskuti ambamo ameweka stakabadhi zake zote za kahawa pamoja na baadhi ya zile za babu, aliyekuwa mwanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, katika miaka ambayo chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa fahari ya Mchaga yeyote. Tulizipanga mezani kwa mfuatano wa miaka. Mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, jina la mnunuzi linabadilika, na linabadilika tena vyama viliporejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini kilo za Baba hazitikisiki. Zinaanza kutikisika baada ya mwaka 1989, makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalipovunjika na bei ikaanguka duniani kote, na kuanzia miaka ya 1990 katikati, wanunuzi binafsi walipoingia na dawa za mkopo zikakoma, karatasi zinakuwa chache na kilo zinapungua kama mtu anayeshuka ngazi. Mbuni wa zamani bila mrututu, dawa ya shaba ya kunyunyizia, hauwezi kushindana na ugonjwa wa chulebuni, unaoziua buni zikiwa bado mbichi kwenye tawi, wala na kutu ya majani, na mrututu ukishanunuliwa kwa fedha taslimu, kabla mtu hajajua atalipwa kiasi gani wala lini, unakuwa kamari. Ni kweli kwamba watafiti wa kahawa wa kituo cha Lyamungu, ambako si mbali na kwetu, wametoa mibuni chotara inayostahimili magonjwa hayo, na Baba aliipanda michache, nayo inazaa vizuri. Lakini mche unataka miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na mzee wa miaka sabini na kitu ambaye watoto wake wote wako mbali huhesabu miaka mitatu tofauti na ninavyoihesabu mimi.

Miti mikubwa ilikuwa habari nyingine. Hapo nilidhani nitaambiwa juu ya ukame, au juu ya jamaa wa mbao wanaozunguka vijijini, na nilikuwa nimekwisha kuandaa hasira yangu. Baba alinionyesha kisiki kilicho karibu na zizi, cha mringaringa ambao chini yake tulifundishwa kuhesabu kwa buni, akasema aliuombea kibali na kuuza mwaka 2020.

Mwaka 2020 ghala nililokuwa nikifanyia kazi lilipunguza wafanyakazi wakati wa Uviko, nami kwa miezi minane sikutuma hata senti moja. Nilimwambia Baba kwenye simu kwamba mambo ni magumu kidogo. Yeye aliniambia kwamba huku mambo ni mazuri, wasiwasi usiwepo, na kila Jumapili aliporudia maneno hayo mimi nilifarijika, nikawaeleza wenzangu kwamba mkulima wa kwetu hafi njaa kwa kuwa ana ndizi zake mlangoni. Ndizi alikuwa nazo. Hakuwa na fedha za dawa ya shinikizo la damu wala za kumlipa kijana wa kukata majani. Mringaringa ulilipa miezi mitano, na mifuruanje miwili ikamalizia iliyobaki. Nimevipima visiki hivyo kwa hatua zangu, jambo ambalo halina maana yoyote, na nimelifanya zaidi ya mara moja.

Kivuli kilipoondoka, mambo mengine yalifuata kwa mpangilio ambao Baba anaueleza bila kulaumu, kama anayesimulia jinsi ng'ombe alivyozaa. Udongo ulianza kukauka mapema baada ya masika, mibuni ya zamani ikachoka, migomba ikatoa mikungu myembamba, na majani ya ng'ombe yakawa hayatoshi, hivyo sasa tunanunua mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka tambarare. Mahindi yaliyopandwa mahali pa kahawa yanakula mbolea ambayo zamani ilikuwa ya migomba. Kila kitu kilikuwa kimeshikilia kingine, na mimi nilikuwa nimeshikilia upande mmoja bila kujua.

Kinachochekesha, kama mtu anataka kucheka, ni kwamba Shimbwe Juu, upande wa Uru, ambako ukipanda kilima unaweza kuelekeza kwa kidole, kilimo hiki hiki cha kihamba kiliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye basi huko Uingereza, nikaituma kwa kila mtu niliyemfahamu, na kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele kama kwamba mimi ndiye niliyezoa samadi. Nilikuwa na tabia hiyo. Dukani nilikuwa nikisimama mbele ya pakiti za kahawa zenye picha ya mlima wetu na kuwaambia watu nisiowajua kwamba hapo ndipo nyumbani. Safari hii nilimletea Baba pakiti moja. Aliinusa, akaniuliza bei, akapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya stakabadhi moja ya zamani, kisha akaiweka kabatini na kuomba chai. Katika nyumba hii iliyosomesha watoto watano kwa kahawa, sikumbuki siku tuliyoinywa.

Nimeombwa na wenzangu walioko nje, ambao nao wanapanga kurudi, niwape ushauri, nami nitatoa ule nilio nao hata kama utawaudhi. Msije Desemba. Desemba kila Mchaga anapopanda kuja nyumbani kwa sikukuu, kuhesabiwa kama tunavyotaniwa, nyumba zote zina moshi, magari yamejaa vijiani, mbuzi wanachinjwa, mbege haikauki, na mtu anaondoka baada ya wiki mbili akiamini kwamba kijiji kiko hai. Njooni Agosti, wakati kahawa inapaswa kuwa nyekundu, mhesabu ni milango mingapi inayofunguliwa asubuhi na ni mingapi kati ya hiyo inayofunguliwa na walinzi. Wala msije na mradi wa parachichi uliochapwa kwenye karatasi, kama nilivyofanya mimi, mkaanza kumweleza mzee faida ya kila ekari, kwa sababu atawasikiliza kwa adabu mpaka mwisho kisha atauliza ni nani atakayekuwepo siku ya kuyachuma. Mimi ni mtoto wa mwisho wa kiume, ambaye kwa desturi yetu ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na swali hilo nililijibu kwa kukohoa.

Jambo la mwisho linahusu ile nyumba ya jirani. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, tulisoma naye darasa moja, na amejenga vizuri sana, vigae chini na ukuta wa mawe, mahali ambapo baba yake alikuwa na mibuni. Kila usiku mlinzi wake huwasha taa kubwa ya usalama iliyofungwa juu ya paa, na kwa kuwa hakuna tena kitu cha kuuzuia, mwanga wake unavuka mpaka, unapita juu ya mahindi na kuingia dirishani kwa Baba, ukutani juu ya kitanda. Usiku wa tatu sikuweza kuvumilia, nikampigia simu mwenzangu nikamwomba taa izimwe au igeuzwe. Alifurahi mno kusikia nimerudi, akaahidi kumwelekeza mlinzi, na akasisitiza kwamba Desemba lazima tunywe mbege pamoja.

Taa ilizimwa usiku uliofuata. Kama saa tatu hivi nilisikia mlango wa nje ukifunguliwa, nikatoka na kumkuta Baba kwenye kigoda chake uani, ungo magotini, akitazama upande ule gizani.

"Wewe ndiye uliyemwambia azime?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba ndiyo, ili apate kulala.

"Sasa baba, mimi huwa nachambulia maharage kwa taa ile," alisema. "Umeme wa kwangu ni wa kununua."

Asubuhi nilivuka mahindi kwenda kumwomba mlinzi aiwashe tena.