Dada Aliolewa "by" Dereva

Mwaka 1996 niliingia kidato cha kwanza, Tanga mjini. Miaka saba ya shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama mengine. Ghafla hata baiolojia ikaja kwa Kiingereza. Ujanja wangu ulikuwa mmoja: kila neno la Kiswahili nilitafutia mwenzake, nikayapanga vilevile yalivyokuja kichwani.

Tukapewa insha kuhusu sherehe. Nikaandika harusi ya dada, aliyeolewa na dereva wa basi kule Korogwe. Siku ya kurudishiwa madaftari, mwalimu akabaki na langu mkononi, akasoma kwa sauti: "My sister was married by a driver." Akanitazama juu ya miwani.

"Shehe alikwenda wapi, mpaka dereva akafungisha ndoa?"

Darasa zima kicheko. Mimi na daftari langu, "by" imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake "to". Hiyo "to" ndiyo iliyonitesa, maana nilivyoijua mimi ni ya safari. Mstari wa pili nao ulikuwa na kidonda: "in the bus" imegeuzwa "on the bus". Juu ya basi? Juu kulikuwa na keria, magunia ya machungwa na utingo. Sisi tulikaa ndani, tena nimempakata mdogo wangu hadi miguu ikafa ganzi.

(Na sisi tuna yetu, jamani. Yumo, yupo, yuko: mgeni akivichanganya tunacheka, ila hakuna aliyewahi kunikalisha chini anifundishe.)

Jioni nikamkuta bibi uani, kakalia mbuzi anakuna nazi. Nikamsomea masahihisho, nikimtafsiria neno kwa neno: dada aliolewa kwenda dereva. Nilidhani atacheka. Wala mkono haukusimama.

"Kwani hakwenda, mume wangu? Si mimi na mashangazi zako tuliompeleka kwa mumewe usiku ule?"

Nikanyamaza. Nikachukua kalamu, nikaiandika ile "to" mara tano pembeni ya ukurasa.

"Na hii ya kupanda juu ya basi, bibi?"

Akakung'uta kifuu, akachukua kingine.

"Hiyo kawaulize wenyewe Wazungu wako. Mimi nilikaa kitini."