Mjomba na mteremko wa Gettysburg

Kila asubuhi nikienda kazini uwanja wa ndege wa Minneapolis napita pembeni ya Fort Snelling, ile ngome ya zamani ya mawe juu ya mto, na miaka yote hiyo sikuwahi kujua kwamba pale ndo walipoapishwa vijana wa First Minnesota, kikosi cha jimbo letu hili la Minnesota kilichopigana upande wa Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, mwishoni mwa Aprili 1861. Nilikuja kujua siku nilipompeleka mjomba kutembea pale. Mjomba wangu ni mwanajeshi mstaafu wa JWTZ, vita ya Kagera alikuwepo, alivuka mpaka akaenda mpaka Uganda ndani huko, alikuja kututembelea miezi miwili na ukimpeleka mall anachoka baada ya dakika kumi ila ukimpeleka sehemu yenye historia ya jeshi anasoma kila kibao. Akaniuliza hawa vijana waliishia wapi. Nikatafuta kwenye simu, nikamwambia wengi waliishia Gettysburg, mji mdogo wa Pennsylvania ambako Kaskazini na Kusini walipigana vita kubwa Julai 1863. Akasema basi tutakwenda.

Kwa bahati tulikuwa na harusi ya ndugu Baltimore, na kutoka Baltimore mpaka Gettysburg kwa gari ni kama saa moja na nusu hivi, unapita Westminster, unaingia Pennsylvania, mashamba ya mahindi kushoto kulia, halafu ghafla unaanza kuona mizinga imepangwa pembeni ya barabara na mawe ya kumbukumbu kila baada ya hatua chache. Kuna zaidi ya kumbukumbu 1,300 pale jamani. Nyingi ziliwekwa na maveterani wenyewe walipozeeka, kila kikosi kikaweka jiwe lake pale pale kiliposimama, kwahiyo ukitembea unakuwa kama unatembea kwenye mstari wa vita wenyewe, huyu alikuwa hapa, yule pale, na mjomba hilo lilimgusa sana, alikuwa anasimama kati ya jiwe na jiwe anapima umbali kwa macho.

Tulianzia makaburini, yale ambayo Rais Lincoln alikuja kuhutubia tarehe 19 Novemba 1863, hotuba ya dakika mbili tu. Makaburi yamepangwa nusu duara na yamegawanywa kwa majimbo. Minnesota wana sehemu ndogo, makaburi 52, na juu yake kuna chombo cha jiwe mfano wa jagi kubwa la maua, kiliwekwa 1867, ndo kumbukumbu ya kwanza kabisa kuwekwa Gettysburg nzima. Kuna sehemu nyingine ina mawe madogo ya mraba yana namba tu, hayana majina, 979 ambao hawakujulikana. Mjomba alikaa hapo muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Akanieleza kwamba kule Kaboya, Muleba, walipolazwa wenzake, angalau majina yapo.

Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiria. "Mwanangu, na weusi walikuwa wapi siku hiyo?"

Nikampeleka kwenye nyumba ndogo nyeupe ya mbao pale juu kwenye kilima, shamba la Abraham Brian. Huyu bwana alikuwa mtu mweusi huru, ana shamba lake, ana miti yake ya matunda, na jeshi la Kusini la Jenerali Lee lilipoingia Pennsylvania alibeba familia akakimbia, kwa sababu wanajeshi wa Kusini walikuwa wanakamata watu weusi njiani, hata waliozaliwa huru, wanawapeleka Kusini utumwani. Vita ikaja kupiganwa juu ya shamba lake. Alirudi akakuta hamna kitu, uzio umevunjwa, mazao yameharibiwa. Na baada ya vita aliyeongoza kazi ya kufukua maiti za askari wa Kaskazini shambani na kuzihamishia yale makaburi tuliyotoka kuyaona alikuwa mkulima mweusi, Basil Biggs, na vibarua wake weusi. Mjomba akageuka akatazama upande wa makaburini, hakusema kitu.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka tulipofika kwenye jiwe lenyewe la First Minnesota, nami nilipanga hivyo makusudi kwa sababu waliwakimbilia adui jioni, 2 Julai 1863. Ukiwa barabara ya Hancock utaliona lile jengo kubwa la Pennsylvania lenye kuba, usibakie hapo, tembea kidogo tu. Ni nguzo ya jiwe na juu yake askari wa shaba anakimbia, bunduki mbele, singe imechomekwa. Aliyemchonga ni Jakob Fjelde, Mnorwe aliyekuja kuishi Minneapolis, ndo huyo huyo aliyetengeneza sanamu ya Hiawatha amembeba Minnehaha, wapenzi wa kwenye shairi la zamani, pale kwenye maporomoko ya Minnehaha ambapo sisi wote tunapigia picha za harusi na graduation! Nilishangaa kweli. Ukikaribia unaona shaba imefanya michirizi ya kijani inashuka kutoka kwenye buti mpaka kwenye jiwe, miaka mia na zaidi ya mvua, na mdomo wa yule kijana uko wazi kama mtu anayetafuta pumzi.

Stori yenyewe iko hivi. Jenerali Sickles wa Kaskazini alikuwa amesogeza watu wake mbele bila kuagizwa, wakapigwa, wakaanza kurudi mbio, na pale kileleni pakabaki pengo, hamna mtu wa kuzuia isipokuwa hawa, kompania nane, watu 262. Brigedi ya Alabama ya Jenerali Wilcox wa Kusini inakuja, zaidi ya watu elfu moja. Jenerali Hancock wa Kaskazini anafika na farasi, anahitaji dakika tano tu ili vikosi vingine vifike, anauliza hiki ni kikosi gani, kamanda wao Kanali Colvill anamjibu First Minnesota, anaonyeshwa bendera ya adui, anaambiwa akaichukue. Na huyu Colvill asubuhi hiyo ndo alikuwa ametoka kufunguliwa, alikuwa amewekwa chini ya ulinzi siku kadhaa kwa kosa la kuacha askari wake wavuke kijito juu ya magogo badala ya kuingia majini viatu vikalowana. Mjomba kusikia hivyo akasema huyo ndo kamanda.

Wakashuka. Waliouawa na kujeruhiwa ni 215. Waliobaki kwenye mstari ni 47. Yote hayo yameandikwa pale kwenye jiwe, na nikamtafsiria neno kwa neno, na tulipofika kwenye sehemu inayosema hakuna hata mmoja aliyekosekana, mjomba akaniambia rudia. Nikarudia. Akanieleza maana yake, kwamba hakuna aliyetoroka wala aliyejificha, kila mtu alipatikana ama amesimama ama amelala. Na kesho yake waliobaki wakapigana tena, mmoja wao Marshall Sherman akakamata bendera ya kikosi cha 28 cha Virginia, bendera hiyo mpaka leo iko kwetu St. Paul, Virginia wameidai weee na Minnesota wamekataa kabisa. Mimi naona wako sahihi.

Sasa kitu ambacho hakuna picha inayoweza kukuonyesha ni jinsi palivyo wazi. Mteremko ni mdogo tu, majani, kama mita mia tatu mpaka kwenye kijito cha Plum Run, hamna mwamba, hamna mti mkubwa, hamna shimo. Mjomba alitazama akasema, "Hapa hamna pa kulala." Akanipa kofia yake nimshikie, akaanza kushuka peke yake. Nilitaka kumfuata, akanizuia kwa mkono. Ana goti baya, anatembea taratibu, nikawasha saa ya simu sijui hata kwa nini. Alifika kwenye kijito, kimaji chenyewe kidogo tu unaruka kwa hatua moja, akasimama pale ameangalia upande walikotokea watu wa Alabama, halafu akageuka akatazama juu kuelekea kwa yule askari wa shaba na mimi nimesimama chini yake na kofia mkononi.

Kushuka tu ilimchukua dakika tano na sekunde chache.

Alipopanda akawa anahema, jasho shingoni, akaniambia nimpige picha moja pembeni ya jiwe. Akasimama wima kabisa, mikono imenyooka ubavuni. Kofia alikataa kuivaa mpaka tulipofika kwenye gari.