Tope lililoachwa na barafu: barua kutoka Newfoundland

Wazee wa uvuvi hapa St. John's, mji wa kisiwa cha Newfoundland mashariki mwa Kanada, huizungumzia sakafu ya bahari kama kwetu Tanga watu wanavyozungumzia mashamba: kila fungu lina jina lake, kina chake na samaki wake. Mimi nimekulia pwani ambako ukishavuka miamba hufiki mbali kabla ya kukuta kilindi. Huku meli husafiri mamia ya kilomita kwenda kusini-mashariki na chini yake bado maji hayafiki mita 100. Hayo ndiyo mafungu ya Grand Banks, yaliyolisha Ulaya kwa chewa wa maji baridi karne nyingi, mpaka serikali ya Kanada ilipousimamisha uvuvi huo mwaka 1992.

Barafu imeichonga sana sakafu hii. Zama za barafu, Kanada ilifunikwa na barafu nene ya kilomita na zaidi, nayo ikateremka hadi baharini ikikwangua miamba njiani. Ulimi mmoja ulichimba Mkondo wa Laurentian, handaki linaloanzia kwenye ghuba ya mto St. Lawrence, lenye kina kinachopita mita 400. Mawe, mchanga na tope vyote vilimwagwa mdomoni mwake, pale uwanda unapokatika na mteremko wa kwenda kilindini unapoanza.

Hata sisi ilitugusa. Maji yaliyofungwa kwenye barafu za dunia yaliishusha bahari kwa takriban mita 120, Unguja ikaungana na bara, na ndiyo maana kisiwa kile kilipata chui. Pemba ina kilindi kirefu kati yake na bara, ikabaki peke yake.

Kazi ya barafu haijaisha. Kila majira ya kuchipua tunaona milima ya barafu ikielea kutoka Greenland, na ile mikubwa huburuta tumbo chini na kuacha mifereji sakafuni. Kwenye baadhi ya visima vya mafuta vya huku, mitambo imefukiwa ndani ya mashimo ili isikwanguliwe.

Lakini habari ninayotaka ndugu zangu wa pwani waijue ni ya Novemba 18, 1929. Saa 11 jioni ardhi ilitetemeka, kipimo 7.2, kitovu kikiwa baharini kusini mwa kisiwa. Watu wa rasi ya Burin walishtuka, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Kumbe kule mdomoni mwa mkondo lile rundo la tope lilikuwa limeporomoka. Baada ya saa mbili na nusu hivi maji yalijivuta bandarini, kisha mawimbi yakaja na kubeba nyumba zikiwa na watu ndani. Walikufa watu 28. Waya wa telegrafu wa rasi ulikuwa umeshakatwa na dhoruba, hivyo walikaa siku tatu bila msaada, kwenye baridi, hadi meli yenye redio ilipotia nanga.

Dar es Salaam nayo ilipoteza watu Desemba 26, 2004, kwa wimbi lililotoka Sumatra. Bahari ikijivuta ghafla bila kupwa, usishuke kuokota samaki. Chukua watoto mpande juu.

Wataalamu waliijuaje habari ya tope? Kwa nyaya. Usiku ule nyaya 12 za telegrafu zilizovuka Atlantiki zilikatika, zile za karibu na kitovu mara moja, na zilizolala chini zaidi mteremkoni moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikatika zaidi ya saa 13 baada ya tetemeko. Kampuni zilikuwa zimeandika saa na dakika. Mwaka 1952 wanasayansi wa bahari Bruce Heezen na Maurice Ewing walizipanga saa hizo, wakaonyesha kwamba kilichokata nyaya ni mto wa tope uliokuwa ukiteremka kwa kasi ya gari la barabara kuu. Tope hilo liliwekwa pale na barafu, maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajajenga nyumba Burin.