Masoko mawili juu ya meza moja

Saa 12:00 asubuhi. Mwezi wa saba Mbeya baridi haina huruma. Nakunywa chai ya tangawizi nikiwa na sweta mbili, nafunga khanga kiunoni juu ya suruali, naita bajaji. Mlima Loleza umejifunika ukungu hadi mabegani.

Saa 1:30. Niko maabara, ambako kazi yangu ni kutafuta chavua za kale, vumbi la maua, ndani ya udongo. Kijana wa mafunzo kwa vitendo ameshafika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umevaa glavu?" Hilo ndilo swali langu la kwanza kila siku, na nitaeleza kwa nini.

Mezani kuna mifuko miwili, na yote imeandikwa Masoko. Mmoja una udongo mfinyanzi mgumu wa Kilwa, kutoka tabaka ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Masoko. Ni la zama za Eosini, zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita. Mwingine una tope jeusi la Ziwa Masoko kule Rungwe, lile ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, ambalo wenyeji huliita Kisiba. Mashapo yaliyochimbwa humo yanarudi nyuma kiasi cha miaka 45,000. Bahari na ziwa, jina moja. Miaka miwili iliyopita lebo zilibadilishana, nikakuta viumbe wa baharini ndani ya tope la Rungwe. Sikulala usiku ule. Tangu hapo mifuko ya Kilwa inafungwa utepe wa bluu, na siruhusu mtu aufungue bila mimi kuwepo.

Saa 3:00. Asidi. Asidi hidrokloriki inatangulia kula chokaa; udongo wa Kilwa unachemka povu, tope la ziwa linakaa kimya. Kisha asidi hidrofloriki, inayoyeyusha mchanga na hata kioo, ndiyo maana tunatumia vyombo vya plastiki. Tone lake likigusa ngozi linaweza lisiume mara moja, huku linapenya hadi mfupani. Jeli ya kalsiamu glukoneti iko mkono wa kulia, imefunguliwa kabisa. Ukuta wa chavua ndio unaobaki, kwa sababu umeumbwa na kitu kigumu ambacho asidi hizi hazikiwezi. Ua limeoza, mti umeoza, mwamba umeyeyuka, lakini ile punje ya vumbi ipo. Kila mara nastaajabu.

Fungu jingine la udongo wa Kilwa sikulitia asidi. Nimelichuja kwa maji matupu, kwa kuwa asidi ingeangamiza magamba ya chokaa ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini, na hayo nayahitaji.

Saa 7:00. Wali wa Kyela, maharage, nusu parachichi. Umeme umekatika dakika arobaini, tukakaa nje tuote jua.

Saa 8:00. Hadubini. Sampuli za leo zitalala kwenye asidi. Ninazohesabu sasa ziliingia wiki iliyopita. Lengo ni punje 300 kwa kila slaidi.

Naanza na Rungwe. Chavua ya nyasi: mviringo, tundu moja lenye pete. Nyasi tena. Chavua ya miti ya miombo. Halafu chavua ya podo, mti wa milimani, yenye vifuko viwili vya hewa kama masikio. Kijana anaruka: "Mama, podo! Basi msitu wa mlimani ulikuwa hapo hapo ziwani." Namwambia taratibu, baba. Vile vifuko huibeba punje mbali kwa upepo, na juu ya maji huelea muda mrefu. Podo mbili tatu hazijengi msitu. Tazama wenzake kwanza.

Saa 10:00. Slaidi ya Kilwa. Hapa chavua ni haba, na badala yake zinajitokeza sisti za dinoflajelati, vifuko vyenye miiba ambavyo mwani wa majini huacha. Wako dinoflajelati wa maji yasiyo na chumvi pia, ila aina hizi zenye miiba mirefu na za namna nyingi hivi ni za bahari. Pembeni naona vyumba vidogo vya duara vilivyojikunja kama konokono: bitana za ndani za foraminifera, ambazo asidi haikuziweza. Chavua chache na sisti nyingi, maana yake nchi kavu ilikuwa mbali. Fungu nililochuja kwa maji linakubaliana: limejaa foraminifera wanaoelea bahari wazi. Watafiti waliochimba pwani ile wanakadiria udongo huu ulitua kwenye kina cha mamia ya mita.

Kijana anauliza kama bahari iliwahi kufika huku kwetu, maana kwao Kiwira wazee husema makaa ya mawe ni matope ya bahari ya zamani. Nampenda kwa swali hilo. Makaa ya Kiwira ni mimea ya vinamasi vya bara, zama za Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Lakini sitaki aniamini kwa sababu nina mvi. Kabatini mna slaidi za makaa yale. Nimempa boksi zima: tafuta sisti hata moja ya bahari.

Saa 12:30 jioni. Nimefika punje 274. Nafunika hadubini yangu kwa kitambaa. Yeye bado ameinama kwenye ya kwake, slaidi ya tatu, anahesabu spora za mimea kwa sauti ya chini.